Valvu ama Transista? Uliza Mgongo Wako

Wasee wa besi, tuongee ukweli. Kila nikisema natumia amplifaya ya transista, kuna mtu ananiangalia kama nimekuja harusini na patipati. Eti besi bila valvu haina roho.

Kwa sauti sibishani. Valvu ukiisukuma hadi mwisho haikwaruzi ghafla. Inafinya sauti polepole, besi inakuwa nzito na tamu. Ndiyo maana Ampeg SVT, iliyotoka 1969, inaheshimiwa mpaka leo: wati 300, valvu 14. Lakini yenyewe tu, bila spika, ni karibu kilo 40. Sasa niambie, utapanda nayo matatu gani? Na valvu zikichoka, ni pesa tena.

Za transista siku hizi ziko za wati 500 na hazifiki hata kilo tatu. Unatia kwa begi, unaruka boda, umefika. Na Jaco Pastorius je? Sauti yake iliyobadilisha besi dunia nzima ilitoka kwa Acoustic 360, transista tupu. Nani atasema hakuwa na roho?

Kinachoniuma ni hiki: rafiki yangu ana mwaka wa pili akiweka akiba ya valvu, na bado hajapanda jukwaani hata siku moja. Vidole anavyo, na viko moto.

Ukipata studio yenye valvu, chomeka ujibambe. Lakini kama hii ndiyo pesa yako ya kwanza, nunua ile itakufikisha kwa shoo. Besi iliyobaki nyumbani haichezeshi mtu.