Siku 19

Imeli ya kwanza ilinipata Ijumaa usiku nikiwa kwa mat ya kurudi Roysambu. Niliisoma juu juu, mkono mmoja umeshika simu, mwingine umeshika chuma cha kiti. Haikutoka kwa mtu, ilitoka kwa seva. Ilisema diski nambari 2 bado inafanya kazi lakini inatarajiwa kufeli. Nikaisogeza kwenye folda niliyokuwa nimeipa jina "Nitaona". Folda hiyo ilishafika imeli 1,300 na kitu.

Seva yenyewe ilikuwa Ikutha, kwa ushirika mdogo wa akiba na mikopo ambao susu yangu ni mwanachama. Sitautaja jina, kwa sababu kosa ninalotaka kusimulia si lao.

Kama hujawahi kufika Ikutha, unashuka Mombasa Road mpaka Kibwezi, unakata kushoto, unavuka mto Athi na kuingia Kitui. Barabara ina mibuyu mikubwa pande zote mbili na joto linalokufanya uongee polepole. Watu wanalima ndengu, wanafuga mbuzi na nyuki, na mvua ikikubali, pesa inaingia mara moja au mbili kwa mwaka. Ndiyo maana ushirika una maana kule. Pesa ya ndengu ikikaa nyumbani, inaisha kabla ya karo ya shule.

Nilipata ile kazi kupitia susu. Kwa mkutano mmoja wa wanachama alisimama akasema ana mjukuu anayefanya kazi ya kompyuta Nairobi, na si lazima watafute mtu wa mbali. Nikaletwa mbele. Wazee wakanipigia makofi kabla sijafanya chochote. Mchana naajiriwa kwingine kuangalia mitambo; ya Ikutha nikawa naiangalia kwa mbali, kwa intaneti, shilingi 3,000 kwa mwezi kupitia M-Pesa. Ilikuwa pesa ya fare na bando, lakini pia ilikuwa heshima. Nikienda nyumbani, hata makanga wa Kibwezi aliniita "injinia".

Sasa, ile seva. Ilikuwa ya mtumba lakini imara, imewekwa chumba cha nyuma, na feni moja juu na UPS moja chini. Ilikuwa na diski nne, zimepangwa kwa mtindo unaoitwa RAID 5. Njia rahisi ya kuueleza ni mkopo wa ushirika. Ukikopa, unaleta wadhamini. Ukishindwa kulipa, wadhamini wanabeba deni na ushirika haupotezi kitu. RAID 5 ni diski zinazodhaminiana: data inagawanywa kwa zote, na pamoja nayo hesabu ya ziada inayowezesha diski tatu kukisia bila kukosea kile ambacho ya nne ilikuwa nacho. Diski moja ikifa, kazi inaendelea, karani hajui hata kuna msiba. Ikifa ya pili kabla hujabadilisha ya kwanza, udhamini umeisha. Hakuna wa kukisia tena.

Mashine kama hizi haziko kimya. Diski ina sehemu ndogo sana za kuandikia ziitwazo sekta. Sekta ikiharibika, diski inahamisha kazi yake kwa sekta ya akiba na kuandika kwa daftari lake la ndani: leo nimehamisha moja, leo tatu, leo arobaini. Kontrola inasoma daftari hilo, na hesabu ikipita kiwango fulani inatuma imeli na kuwasha taa ya manjano. Mwaka 2007 watafiti watatu wa Google walichapisha ripoti kuhusu diski zaidi ya 100,000 walizozifuatilia. Walikuta kwamba diski ikionyesha kosa la kwanza la kusoma uso wake, uwezekano wa kufa ndani ya siku 60 unakuwa mara 39 zaidi ya diski isiyo na kosa. Walikuta pia kwamba zaidi ya nusu ya diski zilizokufa hazikuwa zimetoa dalili yoyote kati ya zile nne kubwa. Hiyo sehemu ya pili ningependa sana kujificha nyuma yake. Lakini yangu haikuwa kati ya zile zilizokufa kimya. Yangu ilisema.

Kwa nini sikusikia? Kwa sababu ilisema mengi. Stima ikipotea Ikutha, imeli. Stima ikirudi, imeli. Joto la chumba likipita kiwango, imeli, na Ikutha joto linapita kiwango karibu kila mchana wa Februari. Betri ya UPS, imeli. Zote zilikuja na neno lilelile la onyo, herufi zilezile nyekundu. Mimi ndiye niliyezipanga hivyo siku ya kwanza: niliweka alama ya tiki kwa kila kitu kwa sababu nilidhani mlinzi mzuri ni yule anayepiga kelele kwa kila kitu. Baada ya miezi miwili nikawa nazifuta kama jumbe za kubeti.

Siku ya 12, diski nambari 2 ikafa kabisa. Kontrola ikaanza kulia. Karani akanipigia simu, nikiwa job.

"Kijana wetu, hii mashine inalia kama kifaranga kimeachwa na mama yake. Kuanzia asubuhi."

Nikamuuliza kama mfumo unafanya kazi. Akasema unafanya, ametoka kumhudumia mtu sasa hivi. Nikamwambia sawa, nikaingia kwa mbali, dakika mbili tu, nikabonyeza pale pa kunyamazisha.

"Imenyamaza?"

"Imenyamaza. Lakini bado ina hiyo taa ya manjano."

"Hiyo isikusumbue, Dada. Nakuja mwisho wa mwezi."

Baadaye niligundua kuwa alibandika kipande cha selotepu nyeusi juu ya taa, kwa sababu wanachama walikuwa wanaiuliza uliza. Simlaumu. Alifanya kwa selotepu kile nilichofanya kwa kidole.

Ninajua kilichopaswa kufanywa, na nilikijua siku hiyo pia. Unasoma kumbukumbu za hitilafu ujue ni diski gani na tangu lini. Kabla ya kugusa chochote unahakikisha nakala ya akiba ni nzima, kwa kuifungua, si kwa kuamini. Unaiambia kontrola iwashe taa ya ile diski mbovu ili usichomoe nzima kwa makosa, maana hesabu inaanzia sifuri na diski nambari 2 ni ya tatu ukihesabu kwa macho. Unachomoa, unachomeka mpya mashine ikiendelea kufanya kazi, kisha unasubiri masaa ijijenge upya. Diski yenyewe, ya mtumba, ilikuwa kama shilingi 9,000 pale mjini. Sikuwa nazo wiki hiyo. Ningeweza kuwaomba ushirika, lakini kuomba kungekuwa kukiri kwamba kuna tatizo, na mimi nilikuwa injinia.

Siku ya 19, saa tatu kasoro asubuhi, diski nambari 0 ikafuata.

Nilipanda basi la kwanza nililopata. Kibwezi nilibadilisha gari, na kutoka pale hadi Ikutha sikumbuki mbuyu hata mmoja. Nilipoingia chumba cha nyuma nilitoa selotepu kwanza. Kisha nikasoma kumbukumbu, mstari kwa mstari, na kila mstari ulikuwa na tarehe. Nikachomeka diski ya nje ya nakala za akiba. Ilikuwa imejaa. Nakala ya mwisho iliyokamilika ilikuwa ya miezi mitano nyuma. Hilo nalo lilikuwa na imeli zake, kwa folda ya "Nitaona".

Meneja alisimama mlangoni, kofia mkononi. Ni mtu mpole. Akaniuliza, "Ni stima, sivyo?"

Nikasema, "Ni stima."

Nataka uelewe jinsi hilo neno lilivyokuwa rahisi. Stima Kenya ni mshtakiwa asiye na wakili. Tarehe 25 Agosti 2023 karibu nchi nzima ilizimika na hata JKIA ikakaa gizani; nani angebisha kwamba stima inaweza kuua seva moja Ikutha? Karani aliitikia kwa kichwa. Meneja akasema Mungu atasaidia. Ningeongeza joto juu yake wangeamini pia, ingawa ile ripoti ya 2007 ilikuta joto halina uhusiano mkubwa na vifo vya diski kama tulivyozoea kudhani.

Tulirudisha data ya miezi mitano nyuma, kisha tukaanza kazi ya kuziba pengo. Tangazo likatoka kanisani, sokoni na kwa chifu: kila mwanachama alete kitabu chake. Kila mmoja ana kitabu kidogo ambacho karani huandika kwa kalamu na kupiga muhuri akiweka pesa. Mimi niliwahi kushauri vifutwe, eti ni kazi mara mbili. Mwalimu mstaafu anayeongoza kamati alikataa, akasema watu wake wanataka kitu cha kushika. Vile vitabu ndivyo vilivyotuokoa.

Kwa wiki tatu nilikuwa naja Ijumaa usiku na kurudi Jumapili. Watu walipanga foleni chini ya mti nje ya ofisi. Walitoa vitabu kwenye leso, kwenye viondo, kwenye karatasi za nailoni zilizofungwa kwa uzi. Susu alikuja na chake akanisalimia kama mtu wa ofisi, si kama mjukuu. Nikamwambia "Wakya", akajibu "Aa", akaniwekea kitabu mezani. Kilikuwa na harufu ya moshi. Shilingi 200, 150, 500 ya ndengu, 100. Nikaandika yote, na mkono ulikuwa unatetemeka kidogo.

Kisha akaja mama mmoja bila kitabu. Alisema kililiwa na mchwa pamoja na kona ya sanduku, na alipanga kuomba kingine lakini hakuwahi. Alijua kiasi chake kwa kichwa: shilingi 11,400 kwa ile miezi mitano. Alizitaja moja moja, kwa siku ya soko na kwa kile alichouza. Karani aliniangalia. Kwa seva hakukuwa na kitu. Kwa sheria za ushirika, bila kitabu na bila rekodi, pesa hiyo haipo.

"Basi stima imenila," yule mama akasema. Hakulia wala kupiga kelele. Alirekebisha kilemba chake akatoka, na mtu wa nyuma yake akasogea mezani.

Jumamosi iliyofuata kamati ilikaa. Niliomba nafasi. Nilikuwa nimefanya mazoezi ya kusema kwa Kiswahili kizuri, lakini nilipoanza yalitoka ovyo. Niliwaambia si stima. Niliwaambia mashine ilisema siku 19 kabla, kwamba nilikuwa na imeli, kwamba ilipolia niliinyamazisha, na kwamba pengo la nakala nalo lilisemwa. Nikatoa simu nikawaonyesha folda. Mwalimu alivaa miwani yake akasoma jina la folda kwa sauti, polepole, kama anasoma insha ya mwanafunzi.

"Nitaona."

Hakuna aliyecheka.

Waliamua mambo matatu. Mama wa mchwa arudishiwe 11,400 yake, na nilipe mimi kwa awamu nne. Imeli za seva zitumwe pia kwa karani na kwa mwalimu, na mimi niwaeleze kwa Kiswahili kila taa inamaanisha nini, karatasi ibandikwe ukutani. Na kazi apewe mtu mwingine, lakini nikae naye mwezi mmoja nimwonyeshe. Meneja hakuniangalia nilipotoka. Ile ya meneja ndiyo iliniuma zaidi.

Usiku huo susu alipika muthokoi. Tulikula bila maneno mengi. Alipomaliza alisukuma sahani kando.

"Ulijua siku ngapi?"

"Kumi na tisa, susu."

"Na hicho kitu cha kubadilisha ni pesa ngapi?"

"Kama elfu tisa."

Alikaa kimya muda mrefu. "Elfu tisa ningekupa," akasema. "Nilikuwa nazo."

Yule kijana mpya ni wa Mutomo, makini kuliko mimi. Tulipanga imeli upya pamoja: za stima zinaenda kwa ripoti ya Jumatatu, za joto pia, na zinazoruhusiwa kulia usiku ni nne tu. Diski ni ya kwanza. Kuna diski moja mpya kwenye droo ya karani, bado kwenye mfuko wake, ikisubiri. Nimebakiza awamu moja kwa yule mama. Kila nikimtumia ananipigia simu kusema imefika, hata kama ujumbe wa M-Pesa umeshasema, na mimi huwa napokea.