Kitabu cha Herufi Tupu

Nilichagua kitabu cha maswali ya anatomia kwa unene wake. Sina sababu nyingine ya kukupa. Steshenari ya jirani na chuo ilikuwa na viwili, vyote vya kutoa kopi. Kimoja chembamba, maswali machache, kila jibu limeandikiwa aya nzima. Kingine kinene, maswali elfu mbili na ushee, na mwishoni kurasa chache za majibu: 1-B, 2-D, 3-A. Nikapiga hesabu za sokoni: bei ileile, fungu kubwa.

Kile kinene kilitungwa India kwa madaktari wanaogombea nafasi za kusomea ubingwa, ambao mtihani wao ni wa kuchagua herufi. Kitabu hakikuwa na kosa. Sisi wa mwaka wa kwanza tulipimwa kwa maswali ya kujieleza, kwa kuhojiwa ana kwa ana na mwalimu, na kwa ule mtihani tunaouita spota: unapita meza hadi meza, kila meza ina kiungo cha maiti kilichochomekwa pini au kufungwa uzi, na kengele ikilia unahama. Nilijua yote hayo. Lakini kujipigia vema kunanoga, na chumba cha maiti kinanuka fomalini, basi nikajidanganya kwamba kumaliza maswali ndiko kusoma. Nikafika mahali jibu linanijia kabla sijalimaliza swali. Nikaona nimeiva. Kumbe nilikuwa nimekariri kurasa.

Spota ndiyo iliyoniumbua. Mkono umelazwa, umefunuliwa upande wa nyuma, uzi mwekundu umefungwa kwenye neva inayozunguka mfupa wa humerasi. Itaje. Ikikatwa hapa, mgonjwa atashindwa kufanya nini? Swali hilo nilikuwa nimelijibu mara nyingi, na jibu lake lilikuwa C. Nikasimama pale nikiwaza C. C ya nini? Mezani hapakuwa na A wala B, palikuwa na nyuzinyuzi za rangi moja. Nikaandika neva ya alna. Kengele ikalia.

Ilikuwa neva ya radiali, na mgonjwa wake hawezi kuinua kiganja. Kinaning'inia kwenye kifundo cha mkono. Kile kitabu chembamba kilikuwa na mchoro wa kiganja hicho hicho. Niliuona baadaye kwa mwenzangu.

Nikapata sapu. Likizo niliimalizia chuoni, na hela ya pango ikalipia mtihani wa marudio. Hayo yamepita. Kinachonikera hadi leo ni kwamba kitabu kile nilikuwa nimekipigia debe darasani, tena kwa kujiamini, na baadhi ya walionisikiliza tulikutana kwenye sapu. Hawakunilaumu. Mimi ningewalaumu.

Kwa hiyo ukifika dukani, anza na majibu. Soma moja: je, linaeleza kwa nini herufi zilizobaki si sahihi? Linakurudisha kwenye mchoro? Kisha waulize waliokutangulia mtihani wenu unatungwaje. Ukikuta herufi tupu, kirudishe rafuni, hata kama ni kinene.