NENO LILILONITIA AIBU

Ama kweli, mwiga tembo hupasuka msamba! Nilikuwa nikikariri maneno magumu ya Kiingereza ili nionekane bingwa darasani. Siku moja tuliandika insha kuhusu mama. Nikamwita mama yangu, auzaye mboga ili nipate karo, "penultimate". Nilidhani maana yake ni bora kuliko wote. Lo! Mwalimu akaeleza kuwa asili yake ni Kilatini: "paene" ni karibu, "ultimus" ni wa mwisho. Kumbe nilikuwa nimemfanya mama wa pili kutoka mwisho! Darasa zima likaangua kicheko, mimi nikainama. Jioni nilimwambia tu, "Asante, mama." Akatabasamu bila kamusi. Wenzangu, tujifunze maneno mapya, lakini tujue maana kwanza.