Shikanoo, Dada

Kitabu chenyewe nilikinunua Desemba 2014 kwa shilingi 2,000, kwa mmoja wa wale jamaa waliokuwa wakitandaza vitabu vya zamani kando ya Mtaa wa Samora, Dar es Salaam. Jalada halikuwepo. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo, kazi sina, simu yangu ya kitochi. Nilipokifungua katikati nikakuta picha ya Mzungu kampakata mwanasesere wa mbao, na chini yake maelezo ya kusema bila kuchezesha midomo. Nikalipa bila hata kuomba punguzo.

Kijiweni kwetu sanaa hii haikuwa na jina. Wazungu wameiita kwa maneno ya Kilatini yenye maana ya kusemea tumboni, kwa kuwa zamani watu waliamini sauti inatoka huko. Wagiriki wa kale walidhani ni pepo kakaa tumboni anatabiri. (Bibi yangu aliposikia, alikubaliana na Wagiriki papo hapo.) Ukweli ni kwamba sauti haiendi popote. Inatoka kooni kama siku zote. Kinachodanganywa ni sikio, na anayelidanganya ni jicho: mtu akiona kinywa kinafunguka na kufumba, sauti anaipachika hapo. Kama umewahi kukaa banda umiza unajua. Spika iko kule kwenye kona, lakini wewe unasikia nyota wa picha anaongea kwa mdomo wake mwenyewe, tena hata pale anapotafsiriwa Kiswahili na jamaa mmoja anayesemea watu wote, wanawake kwa wanaume.

Mazoezi yalikuwa hivi. Simama mbele ya kioo, meno yagusane kidogo, midomo iachane kidogo, kisha soma alfabeti. Herufi nyingi zinapita bila shida, ulimi unafanya kazi huko ndani na hakuna anayeona. Zinazogoma ni b, f, m, p, v na w. Dawa yake ni kudanganya: badala ya b unasema d huku akilini unawaza b, p inakuwa t, m inakuwa n au ng', f na v zinakuwa th na dh. Kitabu kiliahidi kwamba sikio la msikilizaji litajaza pengo lenyewe. Nikatabasamu. Mwingereza ng' ya kuanzia neno inamtoa jasho, mimi nimezaliwa nayo kwenye ng'ombe.

Tabasamu halikudumu. Kitabu kilishauri pia kwamba mazungumzo ya mwanasesere yaandikwe kwa kukwepa maneno yenye herufi hizo. Sasa jaribu, ndugu msomaji, kuandika Kiswahili bila midomo. Mtu na watu, mti na miti, jambo na mambo, vitu, mahali pale: lugha yetu inafungulia midomoni. Kiti kilipita, viti vikagoma. Nikaona mwanasesere wangu atakuwa mtu wa umoja tu, wingi haujui. Na ukitumia ile dawa ya kitabu, mambo ndiyo yanaharibika kabisa. Mimi inakuwa nini. Paka anakuwa taka. Baba anakuwa dada.

Hata hivyo nilishona mwanasesere kwa soksi ya shule, macho vifungo vya shati, nikamwita Sijali, jina linalopita lote bila mdomo kutikisika. Nikawa naye usiku na mchana. Baadaye nilisoma habari za Edgar Bergen wa Marekani, ambaye naye alianza utotoni kwa kijitabu, akaja kuvuma redioni kuanzia 1937 na mwanasesere wake Charlie McCarthy. Redioni, bwana! Mahali ambapo hakuna anayeona midomo ya mtu. Nilifarijika, maana yangu ilikuwa bado inacheza.

Februari 2015 baba akapata kiharusi. Alikuwa fundi seremala, mtu wa sauti ya kushindana na randa, na mtu wa kunyoa ndevu kila asubuhi kabla ya chai. Aliporudi kutoka hospitali upande wa kulia ulikuwa umelegea, mdomo umekwenda kando, na maneno yake yalitoka kama hewa. Tuliitikia "ndiyo baba" bila kujua tunaitikia nini. Nadhani alijua.

Chumba changu kilitenganishwa na chake kwa ukuta usiofika juu. Usiku mmoja nilikuwa na Sijali, nafanya zoezi la salamu: "Shikanoo, dada. Nini ni Sijali." Mlango ukafunguliwa, mama.

"Unamwigiza baba yako?"

Nilifungua mdomo, sikupata la kusema. Ningeelezaje? Kitabu cha Kizungu, herufi sita, soksi? Ng'ambo ya ukuta kitanda kililia. Baba alikuwa amegeuka. Nilimsukuma Sijali chini ya godoro na sikumgusa kwa wiki mbili.

Siku ya Jumapili baba akawa anadai kitu. Neno moja, analirudia, mama haelewi, mjomba haelewi. Jirani mmoja akasema anataka embe, mzee wa watu ana hamu. Likaletwa, limemenywa, limekatwa vizuri kwenye sahani. Baba akaipiga sahani kwa mkono wa kushoto, vipande vikaenda sakafuni.

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Miezi miwili nzima nilikuwa nimesikiliza maneno yaliyopotewa na midomo, na nilipolisikia lile pengo mwanzoni mwa neno nilijua ni herufi gani imeanguka.

"Wembe," nikasema. "Anataka wembe."

Baba akafumba macho, akatikisa kichwa kukubali. Ndevu zilikuwa zimemwota hadi shingoni, na sisi tulikuwa tunamletea matunda.

Nilimnyoa mwenyewe, pole pole, upande uliolegea nikiuvuta ngozi kwa kidole gumba. Hatukuzungumza. Nilipomaliza kumfuta povu, akainua mkono wa kushoto, akawa anafungua na kufumba vidole, anafungua na kufumba. Sikuelewa kwanza. Kisha nikaenda kuinua godoro.

"Shikanoo, dada," akasema Sijali.

Baba alichukua muda. Midomo aliiacha ilivyo, akahangaika na ulimi.

"Narahada."

Mama alikuwa mlangoni na beseni la maji. Akauliza kasema nini, mbona mnacheka.