Hofu Niliyoipanda Uwanjani

Nakiri waziwazi: kwa muda mrefu niliofunza voliboli ya wasichana hapa Misikhu, nilidhani ukali ndio ukocha. Aliyekosea nilimfokea, aliyerudia kosa nilimtoa, kisha nikajivunia kwamba timu yangu ina nidhamu. Haikuwa nidhamu. Ilikuwa hofu, na aliyeipanda ni mimi.

Kosa linaloniuma zaidi lilitokea kwenye mashindano ya shule za sekondari, tukiwa seti ya mwisho. Msichana aliyekuwa na servisi kali kuliko wenzake wote alipiga mpira ukanasa kwenye wavu. Nilisimama nikapaza sauti, mashabiki wa pande zote mbili wakasikia: "Toka! Unatuuzia mechi?" Alitoka akiwa amefunika uso kwa jezi.

Kuanzia hapo, kila aliyefikiwa na zamu ya kuanzisha mpira alinitazama kwanza. Servisi zikawa za kubembeleza, wapinzani wakawa wanazipokea bila jasho. Tulishindwa, na njiani kurudi nikawalaumu wao.

Siku chache baadaye, mazoezini, mmoja wao alishika mpira akaniuliza: "Mwalimu, nikikosea utanitoa?" Sikuwa na jibu. Nilielewa kwamba hakuwa akimhofia mpinzani; alikuwa akinihofia mimi.

Sheria ya voliboli inampa mchezaji sekunde 8 tangu refa apulize firimbi hadi apige servisi. Sekunde hizo ni zake: avute pumzi, achague pa kupiga, arushe mpira vizuri. Mimi nilizijaza kelele. Mchezaji aliyejaa hofu haurushi mpira juu vya kutosha, mkono unakuwa mzito, na kosa analoliogopa ndilo analolifanya. Kisha kocha anamwadhibu kwa kosa alilomsababishia.

Na mfano wa kocha mwenye subira niliujua. Mwaka 2012 mwanariadha Eliud Kipchoge, aliyekuwa bingwa wa dunia wa mita 5,000 mwaka 2003, alikosa nafasi katika timu ya Kenya ya Olimpiki ya London. Kocha wake, Patrick Sang, hakuachana naye. Mwaka uliofuata Kipchoge aliingia marathoni, akashinda Hamburg, na baadaye akatwaa dhahabu ya Olimpiki mara mbili, Rio na Tokyo. Habari hizo nilikuwa nikiwasimulia wanafunzi wangu ili wasikate tamaa. Sikujiuliza hata mara moja kama mimi nilikuwa na subira ya Sang.

Nilimwomba yule msichana niliyemtoa msamaha mbele ya timu nzima, kwa sababu nilimwaibisha mbele ya timu nzima. Alinisamehe, lakini hakurudi kucheza. Hilo nitaendelea kulibeba.

Sasa servisi mbovu bado naiita mbovu. Kumtia mtu moyo si kumdanganya. Ila namwambia la kufanya: "Inua mpira zaidi, kisha piga tena." Akikosa, hatoki kwa kosa moja. Firimbi ikilia, nanyamaza.

Walimu wenzangu mnaofunza michezo, wapeni watoto nafasi ya kukosea mkiwa bado upande wao. Ushindi utakuja au hautakuja, lakini mtoto asiondoke uwanjani akiamini hafai, eti kwa sababu mtu mzima alishindwa kuzuia ulimi wake.