Mlango Uliosinyaa

Madaktari huita stenosisi hali ya njia yoyote ya mwilini kuwa nyembamba kuliko ilivyoumbwa. Neno hilo asili yake ni Kiyunani. Njia yenyewe yaweza kuwa mshipa wa damu, mfereji wa mkojo au wa uti wa mgongo. Mimi nitasema juu ya mlango mmoja wa moyo, kwa sababu ulimpatia shemeji yangu jina la mvivu.

Alipotoka mtoni na ndoo alipumzika mara tatu mahali ambapo vikongwe wa Litumbandyosi hawapumziki. Alipochukua mimba, mwezi wa sita hakuweza tena kulala chali. Alikesha ameegemea ukuta, akikohoa. Wengine walisema ni pumu, na wengine walisema maneno ambayo sina haja ya kuyaandika.

Upande wa kushoto wa moyo mna vali ya mitrali, ipitishayo damu itokayo mapafuni. Nafasi yake kwa mtu mzima ni sentimita za mraba 4 hadi 6. Ikipungua hata kufika 1.5, ugonjwa ni mzito. Damu iliyokosa njia hurudi nyuma ikayalowesha mapafu. Tena moyo uendapo mbio, kwa kilima au kwa mzigo, mlango hukaa wazi muda mfupi zaidi. Basi aliyeketi huonekana mzima, na yule yule akipanda huonekana mtegaji wa kazi. Mimba nayo huongeza damu ya mama kwa karibu nusu.

Ajabu ni kwamba maradhi haya huanzia kooni. Mtoto huugua koo kwa bakteria, hupona, na baada ya wiki mbili au tatu huja homa ya baridi yabisi. Mwili hujeruhi vali zake wenyewe, na kovu hukaza polepole kwa miaka. Penisilini, dawa ya kawaida kabisa, ikitolewa mapema huzuia yote hayo.

Mwaka 1982 Mjapani Kanji Inoue alianza kuipanua vali hii kwa puto lipitishwalo katika mshipa wa paja, bila kupasua kifua. Dar es Salaam ina Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete tangu 2015, lakini toka kwetu ni safari ya kilomita zaidi ya 1,000. Shemeji alijifungua salama kwa msaada wa dawa, kisha akasafiri. Mwanawe akilalamika koo siku hizi, hakuna aendaye shambani kabla ya zahanati.