Kutia na Kukoleza

Kitenzi cha Kiingereza "imbue" asili yake ni neno la Kilatini lenye maana ya kulowesha. Mtu hutajwa kwanza, kama nguo. Sifa hufuata, kama rangi. Wafasiri wetu hutumia "tia", na sarufi haiwapingi, maana twasema "kumtia mtu moyo". Lakini "tia" ni neno la mkono tu. Tazama "kumtia mtu adabu": siku hizi maana yake ni kumwadhibu, wala hakuna aulizaye kama adabu yenyewe imebaki.

Huku Daudi, wilayani Mbulu, watoto wengi huanza kusema kwa Kiiraqw, lugha ya jamii ya Kikushi. Kiswahili hutiwa darasani, hukolea sokoni. Hilo ndilo neno nilitakalo. Mpishi wa maharage ajua kuwa chumvi hutiwa mara moja, bali hukolea kwa moto na subira. Basi, kwa "imbue" nathubutu kuandika "koleza", ijapokuwa wahakiki watasema linanuka jiko. Palipo na Mungu mtoaji, hata hivyo, neno ni "jalia", nami siligusi.